Viatu vya Ngozi: Vivae, Usivifungie!

Umetoa mshiko wa maana kununua kiatu cha ngozi. Siku ya kwanza kimekutoa malengelenge, ukakitupia kabatini. Masika yamekwisha, umekikuta kimeota ukungu. Mwezi huu tunaangalia jinsi ya kukizoesha kiatu kipya mguu wako, na jinsi ya kukitunza kwenye joto na unyevunyevu wa Tanga.

Kama wewe ni mkazi wa Ngamiani, hebu leo jioni fanya jambo moja dogo. Fungua kabati, shusha yale maboksi ya viatu yaliyopangwa juu kabisa, halafu hesabu. Vingapi umevivaa mwezi huu? Vingapi ni vya "kutokea", yaani vinasubiri harusi, Idi, Krismasi au siku ambayo hata wewe mwenyewe huijui? Sasa chukua kimojawapo, kinuse. Ukisikia uvundo, basi usiruke mstari, maana ukurasa wa leo ni wako.

Sisi watu wa Pwani tuna tabia moja: kitu kizuri tunakificha. Vikombe vizuri ni vya wageni, shuka nzuri ni za siku mkwe akija, na kiatu kizuri ni cha shughuli. Kwa vikombe hakuna neno, vitakungoja hata miaka hamsini. Kwa ngozi mambo ni mengine kabisa. Katika hali ya hewa yetu, ngozi hufa haraka zaidi ikifichwa kuliko ikivaliwa. Ukilishika hilo moja tu, tayari umeokoa nusu ya pesa zako.

IJUE KWANZA NGOZI YENYEWE

Ngozi ni nyuzinyuzi ndogo mno zilizosukana, kama mkeka uliosukwa na mtu mwenye haraka. Ngozi mbichi ukiiacha hivihivi inaoza. Ukiianika inakakamaa kama ile ya kuwambia ngoma. Ndiyo maana inapelekwa kiwandani kusindikwa, ili isioze na wakati huohuo ibaki inakunjika.

Njia kuu ni mbili. Ya kwanza ni ya dawa ya kromu, ambayo ndiyo imetawala viatu vya madukani: ni ya haraka na ngozi inatoka laini. Ya pili ni ya zamani, ya magome ya miti, na hii si ngeni kwetu. Magome ya mikoko yana utomvu wa kukaza ngozi, na enzi za Wajerumani yalikuwa yakisafirishwa kutoka pwani yetu kwenda Ulaya kwa kazi hiyo. Miwati, ile miti unayokutana nayo ukipanda Lushoto, nayo ni ya kazi hiyohiyo. Kule Njombe kuna kampuni ya miwati tangu 1949. Ngozi ya magome ni ngumu zaidi ikiwa mpya, inanyonya maji upesi, na rangi yake inakolea kadiri unavyoivaa. Lakini ikishamjua mwenyewe, inashika umbo la mguu wake kama imechongwa.

Katikati ya nyuzi hizo kuna mafuta, ambayo fundi wa kiwandani huyatia makusudi. Kiatu kikikunjwa, nyuzi zinateleza. Mafuta yakikauka zinasuguana na kukatika, ndiyo ile mipasuko unayoiona pale vidole vinapokunjia. Maji nayo yakizidi, ngozi inavimba na ukungu unapata makao. Kutunza ngozi ni kuweka mizani kati ya mafuta na maji. Mengine yote ni mbwembwe.

Na hapa ndipo Tanga inapotuonea. Bahari iko mlangoni. Masika yanaingia Machi mpaka Mei, vuli inafuata Oktoba mpaka Desemba, na hata siku isiyo na mvua hewa yenyewe imebeba maji. Mbegu za ukungu ziko kila mahali hewani, zinachotafuta ni giza, unyevu na utulivu. Sasa niambie, ni wapi ndani ya nyumba pana giza, unyevu na utulivu kuliko ndani ya boksi, juu ya kabati, lililoegemea ukuta wa nje? Kiatu kinachovaliwa kinapata hewa, kinapigwa brashi, na dosari ikianza unaiona mapema. Kilichofichwa hakuna anayekijulia hali.

KABLA HUJATOA PESA

Hakikisha kwanza ni ngozi kweli. Siku hizi ngozi bandia inaigizwa mpaka harufu. Tazama pembeni palipokatwa: ngozi halisi inaonyesha nyuzinyuzi, bandia inaonyesha kitambaa kilichobandikwa plastiki juu. Bonyeza kwa kidole: ngozi halisi inafanya mikunjo midogomidogo inayotofautiana, bandia inabonyea tu kama mpira. Na tafadhali, usiwashe kiberiti kwenye duka la watu eti unapima! Kwanza kiatu hujakilipia.

Nenda jioni. Mguu wa mtu aliyeshinda kazini kwenye joto la Tanga si mguu wa asubuhi, umevimba kidogo. Kiatu kinachokutosha saa kumi na moja jioni kitakutosha siku nzima. Vaa soksi utakazovaa kweli, jaribu miguu yote miwili, na ununue kwa kipimo cha mguu ulio mkubwa, maana kwa wengi wetu hailingani.

Halafu usidanganyike na ile kauli ya muuzaji, "kitajiachia tu, dada." Kujiachia kweli kinajiachia, lakini kwa upana. Urefu hauongezeki. Kidole kikigota mbele dukani, kitagota mbele mpaka siku ya kiama. Acha nafasi ya kama upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Kisigino kikichezacheza kidogo sana kwenye kiatu kipya kigumu, hiyo si kesi. Soli ikishajifunza kukunjika, kinatulia.

Wapenzi wa mitumba, na najua mko wengi, ninyi faida yenu ni kwamba kiatu kimeshalainika. Hasara ni kwamba kimelainikia mguu wa mtu mwingine. Tazama ndani alama ya vidole vyake: kama yeye alikuwa akikanyagia upande wa nje na wewe wa ndani, hamtaelewana. Kisha bonyeza soli kwa ukucha. Ikibonyea kama keki au ikatoa unga, rudisha, hata kama juu kinang'aa kama kioo.

WIKI MBILI ZA UCHUMBA

Kiatu kipya cha ngozi kina haki ya kuwa kigumu. Hakikujui na wewe hukijui. Kosa la wengi ni kukivaa siku ya kwanza kuanzia asubuhi mpaka usiku, kazini, kwenye daladala, sokoni na msibani, halafu kesho yake wanachechemea na kukilaani. Mwache mwenzio akuzoee taratibu!

Siku ya 1 mpaka ya 3: Kivae ndani ya nyumba tu, nusu saa, ukiwa na soksi nene. Tembea, panda ngazi kama unazo, chuchumaa, simama kwa ncha za vidole. Kabla ya kukivaa kishike mikononi, ukunje soli mbele na nyuma mara kumi, pale vidole vinapokunjia tu. Usikunje katikati ya unyayo, hapo pana chuma au ubao wa kukipa nguvu.

Siku ya 4 mpaka ya 7: Toka nacho jioni, saa moja hivi. Kazunguke barabara mbili tatu za Ngamiani na mwenzio, mnunue mishikaki, mrudi. Palipoanza kuwaka moto pajue, pabandike plasta mguuni kabla ya lengelenge halijatoka. Likishatoka umechelewa.

Siku ya 8 mpaka ya 14: Kivae kazini nusu siku, siku moja ndani siku moja nje. Mapumziko hayo ni ya lazima. Mguu unatoa jasho jingi, na ngozi inahitaji kama saa 24 kulitoa. Kiatu kinachovaliwa mfululizo kila siku kinaoza kwa ndani hata kama juu unakipiga rangi kila asubuhi. Mwenye jozi mbili za kupokezana anavaa muda mrefu zaidi kuliko mwenye jozi mbili za kumaliza moja baada ya nyingine.

Pakigoma sehemu moja tu, tuseme kidole kidogo, mpelekee fundi viatu akiweke kwenye kalibu ya mbao usiku mmoja au mbili. Ni kazi ndogo, na inakuokoa.

Hebu nikupe mfano kutoka mbali kidogo. Kuna mchezo wa besiboli, unaopendwa mno Marekani na Japani, ambapo mchezaji anadaka mpira kwa glavu kubwa ya ngozi. Hapa kwetu ulianza kufundishwa shuleni mwaka 2012 kwa msaada wa Wajapani, na Shule ya Sekondari Azania ya Dar es Salaam ni moja ya maskani zake. Glavu mpya ni ngumu kama ubao, haifumbi. Wachezaji wana mbinu zao: wanapaka mafuta kidogo sana, wanaweka mpira katikati, wanaifunga kamba, inalala hivyo usiku kucha. Wapo wenye papara wanaoitia kwenye oveni, na ngozi inakauka na kupasuka. Lakini ukiwauliza wazoefu watakwambia dawa kubwa kuliko zote ni kudaka. Daka leo, daka kesho, daka keshokutwa, mpaka ngozi ijue mpira unatua wapi. Na glavu ikishamzoea mtu mmoja, hapendi kuiazima. Kiatu chako ni hivyohivyo. Kinachokilainisha ni mguu wako wenyewe, kidogokidogo, mara nyingi.

BWANA HARUSI NA BIBI HARUSI, SIKIENI

Kamati imekaa, michango imeingia, suti imeshonwa, gauni limekodiwa. Viatu vinanunuliwa lini? Siku tatu kabla! Halafu vinafichwa kwenye boksi visichafuke, na vinavaliwa mara ya kwanza asubuhi ya siku yenyewe. Kufika ukumbini bibi harusi anatabasamu kwa meno, macho yanalia. Wageni wanadhani ni furaha. Muziki ukianza anacheza kama aliyekanyaga kaa la moto.

Nunueni mwezi mmoja kabla, na mfuate zile wiki mbili. Bibi harusi, tembea na visigino vyako sebuleni jioni huku unapiga stori. Bwana harusi, kama soli ni ya ngozi tupu inateleza kwenye marumaru. Ikwaruze kidogo kwa msasa chini, au utaanguka mbele ya wakwe. Ndani ya ukumbi hakuna atakayechungulia soli yako, ila mwendo wako wote watauona.

Kuna na balaa lingine ambalo wengi hawalijui. Kaka ana viatu vyake vya gharama, alinunua miaka sita iliyopita, amevivaa mara mbili. Anasema, "Vipya hivi, nitavaa kwenye harusi ya rafiki yangu." Anafika, anaingia ukumbini, na soli inaanza kumomonyoka vipandevipande kama biskuti. Aibu tupu! Watu wanamcheka eti kauziwa feki. Si lazima iwe feki. Soli nyingi laini na nyepesi zinatengenezwa kwa poliyurethani, na adui wa poliyurethani ni unyevu wa hewani. Maji yanaila taratibu kwa ndani, miaka inapita, hakuna dalili kwa macho. Joto na unyevu kama wetu vinaongeza kasi. Kuvaa hakuizuii kabisa, lakini soli inayokanyagiwa mara kwa mara inabaki inapumua, na ukikivaa miaka hiyo angalau umeifaidi pesa yako. Aliyeificha hakubaki na kiatu wala kumbukumbu ya kukivaa.

NA MAKUBADHI JE?

Hatuwezi kuzungumzia ngozi Tanga tukayasahau makubadhi. Kanzu imepigwa pasi, kofia imekaa, chini yamo makubadhi: Ijumaa imekamilika. Na akina dada siku hizi wanayavaa na dera na hata suruali ya jinzi, na yanawatoa bomba kwelikweli.

Makubadhi mapya yanauma sehemu mbili: katikati ya kidole gumba na cha pili, na juu ya unyayo pale mkanda unapopita. Kabla ya kuyavaa, paka nta ya nyuki kidogo kwa ndani ya mikanda, ifikiche na vidole mpaka ipate joto na kuingia, kisha ukunjekunje mkanda kwa mkono. Vaa jioni barazani, nusu saa nusu saa. Siku za mwanzo futa miguu ikauke kabla ya kuvaa, kwa sababu rangi ya mikanda hutoka kwa jasho, na ukitoka hapo kwenda kumsalimia mama mkwe atafikiri umetoka kupaka hina vibaya.

Usiyaloweke hata siku moja. Ukitia udhu yavue kabisa, miguu ikauke ndipo uyarudie. Usiende nayo Raskazone kukanyaga maji ya bahari: chumvi inakunywa mafuta ya ngozi na kuacha michirizi myeupe, na mchanga unasaga uzi ulioshonea soli. Kama yamelowa chumvi, futa kwa kitambaa chenye siki kidogo iliyochanganywa na maji, futa tena kwa maji matupu, acha yakauke kivulini, halafu rudishia mafuta.

RATIBA YA MATUNZO, HASA MASIKA

Kila ukirudi: Piga brashi kuondoa vumbi, toa unyayo wa ndani kama unatoka, weka kiatu penye hewa. Usikirudishe kabatini usiku huohuo. Kama kimelowa, jaza magazeti makavu ndani, badilisha yakishaloa, na ukilaze ubavu ili soli nayo ipumue.

Kila wiki mbili: Futa kwa kitambaa chenye unyevu mdogo, kikauke, paka krimu ya ngozi au dawa ya viatu kidogo, subiri dakika kumi, ndipo upige brashi. Wengi tunapaka nyingi na kusugua papo hapo. Dawa inabaki juu, inakamata vumbi la barabarani, na inaganda kama lami.

Tukiwa kwenye dawa ya viatu, hivi unajua kwa nini tunaiita kiwi? Mwaka 1906 kule Melbourne, Australia, bwana mmoja aitwaye William Ramsay alianza kuuza dawa yake ya viatu. Mkewe, Annie, alikuwa mzaliwa wa Nyuzilandi, nchi ya ndege kiwi asiyeruka. Ramsay akaipa dawa jina la ndege wa kwao mkewe. Zaidi ya miaka mia moja baadaye mtoto wa Ngamiani anatumwa dukani, "kalete kiwi nyeusi," bila kujua anatamka neno la mtu aliyempenda mkewe. Akina kaka, mmeona wenzenu?

Kila mwezi wakati wa mvua: Fanyeni ukaguzi wa kabati zima. Toa kila kitu cha ngozi: viatu, mikoba, mikanda, pochi, jaketi. Sogeza kabati kiganja kimoja kutoka ukutani. Vitu vya ngozi visikae ndani ya mifuko ya plastiki, viwekwe kwenye mifuko ya kitambaa, hata foronya ya zamani inafaa. Vile vipakiti vyenye punje ndogo vinavyokuja na viatu vipya usivitupe, vinanyonya unyevu. Ila viwe mbali na watoto. Mkoba ujaze magazeti usibonyee. Na udi, mama zangu, nisameheni: udi unafunika harufu tu, ukungu hauuui.

Ukungu ukiwa umeshaingia: Toka nje ya nyumba, funga kitambaa puani. Ondoa unga kwa brashi kavu ambayo hutaitumia kwa kingine. Changanya spiriti na maji nusu kwa nusu, jaribu kwanza sehemu isiyoonekana usije ukachubua rangi, kisha futa pote kwa kitambaa, ndani na nje. Acha kivulini penye upepo siku moja au mbili, halafu rudishia krimu. Na kabati lenyewe ulifute, la sivyo umefanya kazi bure.

DAWA ZA MTAANI: IPI NDIYO, IPI SIYO

Mafuta ya kupikia na samli: Hapana. Yanachacha, yananuka, na yanaukaribisha ukungu kwa karamu.

Mafuta ya nazi: Yanalainisha kweli, ila yanapitiliza na kuifanya ngozi iwe nyeusi na legelege. Kwa makubadhi ya rangi iliyokoza tone moja si mbaya. Kwa kiatu cha ofisini, kaa mbali.

Nta ya nyuki: Ndiyo, rafiki mkubwa wa ngozi wakati wa mvua. Kidogo, ifikichwe ipate joto, isuguliwe kwa kitambaa.

Jua kali na jiko: Hapana, hapana, hapana. Ngozi iliyolowa ikipigwa joto nyuzi zake zinasinyaa, na zikishasinyaa hazirudi. Kiatu kinapungua na kukakamaa milele. Kivuli na upepo vinatosha.

Maganda ya ndizi: Yanatoa mng'ao wa dakika tano, na utamu wake unawaita sisimizi.

FUNDI WAKO NI DAKTARI WAKO

Watu wa Ngamiani tuna bahati. Karibu kila barabara ina fundi viatu na brashi zake, gundi yake na sindano yake ya mkono. Tatizo tunamwendea maiti ishakuwa maiti. Kisigino kikiliwa upande mmoja, peleka siku hiyohiyo. Ukingoja, kiatu chote kinapinda na goti lako linapinda nacho. Uzi ukifunguka sentimita moja, ushonwe, usingoje ufunguke mpaka mbele. Wapanda baiskeli, na Tanga baiskeli zetu twajivunia, angalieni katikati ya soli: pedali inakula pale ambapo mtembea kwa miguu hapaoni. Muulize fundi asibandike kwa gundi tu, ashone. Na mlipe vizuri, bwana. Kubadilisha soli ni sehemu ndogo tu ya bei ya kiatu kipya cha ngozi, na kile cha zamani ndicho kinachoujua mguu wako.

TURUDI NYUMBANI

Najua unajiuliza, ukurasa wa mapenzi umegeuka wa fundi viatu? Subiri. Katika malalamiko madogomadogo ya wanandoa, lipo hili: "Nilimnunulia viatu vizuri, mpaka leo hajavivaa." Mke amedunduliza, ameulizia saizi kwa siri, amebana matumizi ya miezi miwili. Mume amepokea, amefurahi, akaviweka juu ya kabati. Akiulizwa, "Mume wangu, mbona vile viatu huvivai?" anajibu, "Navitunza, mke wangu, ni vizuri mno." Yeye anadhani ametoa sifa. Mwenzie amesikia, "Sikuvipenda." Na upande wa pili ni hivyohivyo: mkoba wa ngozi alioletewa toka safari, mwaka wa pili sasa umelala kwenye foronya, na aliyeuleta anauona kila akifungua kabati na kunyamaza.

Kila miezi inavyopita bila kuguliwa, jambo linakuwa gumu zaidi, kama ngozi iliyokauka. Kisha inakuja siku ya shughuli, zawadi inashushwa, na ina madoa ya kijani. Hapo ugomvi unaozuka si wa kiatu tena.

Zawadi ya ngozi shukrani yake ni kuivaa ikachakaa. Mwenzio akiona mikunjo kwenye kiatu alichokununulia, anajua umekwenda nacho kazini, umekwenda nacho hospitali ulipolazwa mtoto, umekwenda nacho kwao. Ile mikunjo ni barua ya asante.

Na kama mnataka zoezi la wawili, hili hapa halina gharama. Jumapili moja mchana, mvua ikiwa inanyesha na hakuna pa kwenda, tandikeni gazeti barazani. Shusheni maboksi yote. Mume apige brashi viatu vya mke, mke apige vya mume. Simu ziwe ndani. Mtajikuta mnaulizana, "Hivi unakumbuka hiki tulikinunua wapi?" na mazungumzo yatakwenda mbali kuliko mlivyotegemea. Mkimaliza, kila mmoja achague jozi moja iliyokuwa imefichwa, akaivae kesho yake, Jumatatu ya kawaida tu, bila harusi wala Idi.

Kama inabana, wiki mbili mnazijua. Plasta iwe mfukoni.

Tukutane mwezi ujao.